Ukuta Uliofundishwa Kulia Kama Mawe

Elphas Mabonga alibeba mawe kwenye mijengo ya Eldoret miaka kumi na moja, mpaka mgongo ukamwambia imetosha. Ndipo akajifunza vyuma vyepesi: fremu unazokata kwa mkasi, ukazisimamisha, ukazifunga kwa skrubu, halafu ukazivika bodi za jipsamu pande zote mbili. Asubuhi pana ghala tupu, jioni pana ofisi. Mabonga alivipenda vyuma hivyo kama mtu apendavyo dawa iliyomponya. Kila Jumapili aliwahubiria majirani zake wa mtaa wa Huruma habari zake, nao walimsikiliza kwa adabu ya watu wanaongoja mvua iishe.

Shida yake ilikuwa moja tu: ngumi za watu. Huku kwetu mtu haulizi ukuta umejengwaje. Anaugonga, basi, na hukumu imepita.

Mzee Kigen, mkulima wa mahindi aliyekuwa amenunua ghala la kuwekea chakula cha ng'ombe, aligonga hata kabla ya salamu. Bintiye Cherono, msimamizi wa biashara hiyo, ndiye aliyemleta Mabonga agawe vyumba vitatu vya ofisi humo ndani.

"Ko," ukuta wa kwanza ukasema.

"Fundi, hii ni ukuta ama ni ngoma?"

"Mzee, hiyo ni chuma. Hata ng'ombe ikiegemea, haiendi mahali."

"Ng'ombe yangu haiegemei ngoma." Mzee alipangusa vidole. "Mimi naenda kuvuna. Nikirudi nipende hii kazi, ile gorofa yangu ya kule Kimumu, vyumba kumi, kazi yake ni yako. Nisipopenda, naita Ng'ang'a."

Ng'ang'a alikuwa fundi wa mawe, bosi wa zamani wa Mabonga, na tangu waachane alimwita "fundi wa makatoni" mbele ya yeyote mwenye masikio. Vyumba kumi! Chakula cha miezi minne, na Ng'ang'a kufumba mdomo. Mabonga aliitaka Kimumu kuliko kazi yoyote aliyowahi kuitaka.

Hapo ndipo ujanja ulipomzidi mwenyewe. Badala ya kuuacha ukuta ujisimamie, aliufundisha uongo. Kuanzia kiunoni hadi juu ya kichwa, mahali ngumi ya mzee hufika, alishindilia pamba ya kuzuia kelele, akapachika plaiwudi, akaongeza jipsamu tabaka la pili. Chini ya kiuno aliuacha kama kawaida, maana mzee gani huinama kugonga ukuta? Akaujaribu. "Du," ukalia kama mawe. Akacheka peke yake kama mwizi wa kuku.

Mzee Kigen alirudi siku ya maombi ya kufungua ofisi, buti zingali na matope ya shamba. Ng'ang'a naye alikuwapo, kikombe cha chai mkononi. Baada ya amina, mzee aligonga. Du. Akahamia ukuta wa pili. Du. Akamshika Mabonga mkono kwa mikono miwili.

"Fundi, umeokoka! Umeachana na ngoma, ukaniwekea mawe!"

"Mzee, si mawe. Ni zile vyuma tu."

"Wacha unyenyekevu." Aliwageukia wageni. "Hata yeye ameona vyuma haziwezi! Sasa kazi ya mawe iende kwa mwenye mawe. Ng'ang'a, Kimumu ni yako."

"Mzee, gonga huku chini," Mabonga alisihi. "Utasikia."

"Nipigie ukuta magoti? Kwani ni Mungu?"

Wageni walicheka, Ng'ang'a kuliko wote, hata chai ikammwagikia.

Watu walipotoka kwenda kula, Cherono alibaki nyuma.

"Nimemwambia ni vyuma. Anasema nisimfanye mtoto." Aligusa ukuta. "Elphas, kwani hizo vitu ulijaza za nini? Baba alinipigia simu wiki jana akiwa shamba. Alisema hata kama inalia kama ngoma, wewe unafanya haraka na hauharibu vifaa. Akasema nikupatie Kimumu."

Mabonga alitaka kulia, wala hakuona haya. Alipiga magoti, mgongo ukimlalamikia, akagonga karibu na sakafu.

"Ko."

"Si unasikia?" Cherono alisema. "Hiyo sauti ndiyo ilikuwa imekupatia kazi."