Msimamizi Asiyeshika Majani

Miaka tisa nilinyausha majani ya chai katika kiwanda kimoja huku Bomet, na miaka hiyo yote sikumwona mkubwa hata mmoja akichafua mikono. Walivaa makoti meupe, wakapita kati ya vile vitanda virefu vya waya ambapo majani hupulizwa upepo, wakakohoa kidogo, wakarudi ofisini. Kukohoa ndiyo iliyokuwa kazi yao.

Sisi tulipima kwa mkono. Unafumbata majani, unayakamua yawe donge, kisha unafungua kiganja. Donge likifumuka upesi, majani bado yana maji. Likitulia, teremsha kwa mashine.

Msimamizi wa zamu yetu alipostaafu, niliiomba nafasi yake. Niliitaka sana, sitajifanya. Kila alipoenda likizo ni mimi niliyekaimu. Wakamleta kijana mwenye diploma, mtoto wa dadake meneja, na mimi nikaambiwa nimfundishe. Nilimtia donge mkononi. Akalitupa, akafuta kiganja kwa leso.

Msimu wa mvua, siku moja, majani yalifika yamelowa chapachapa. Kijana akaangalia saa yake.

"Masaa imefika. Teremsheni."

"Bado, supavaiza. Shika tu uone."

"Mama, siku hizi hii kazi ni ya masaa, si ya kushikashika."

Sikio la kufa halisikii dawa. Tukateremsha. Mashine ya kukata ikatema uji wa kijani, ikaziba, kiwanda kikasimama hadi mchana huku malori ya majani yakipanga foleni nje. Meneja akaja mbio kuuliza ni nani ametoa amri. Yule msomi akaninyooshea kidole. Wenzangu wote walikuwa wamesikia, na wote wakaangalia sakafu.

Ofisini barua ya onyo ilikuwa imeshaandikwa: ati nilikosa kumshauri mkubwa wangu. Meneja alinisukumia kalamu bila kuniangalia usoni.

"Weka sahihi, mama, tumalize hii maneno."

Mpwa wake alikuwa amesimama nyuma yake akichezea simu. Watu wawili wadogo kabisa, nyuma ya meza kubwa.

Binti yangu alikuwa kidato cha nne. Nikatia sahihi, nikarudisha kalamu, nikasema, "Asante, mkubwa."

Nawadharau wale wawili mpaka leo. Lakini sahihi waliitaka wao. Ile asante hakuna aliyeniomba.