Makopo Yaliyopoteza Majina

Nakumbuka asubuhi moja pale sokoni Kalerwe, mwanangu, nilipokuwa na miaka ishirini na miwili. Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, mtaro ukafurika, maji yakaingia katika duka la dawa nilimokuwa nikiuza. Wewe unaanza kazi hiyohiyo wiki ijayo, na mawingu ya leo siyapendi. Ndiyo maana nimekuita ukae kidogo.

Nilipofungua mlango, sikuingia mara moja. Soko lilikuwa kimya, hata kuku wa kuuzwa hawakulia. Maji yalikwisha kutoka, lakini makopo ya vidonge yalisimama wima kwenye tope, mengine nyuma ya mengine, kama watu waliopanga foleni wakinisubiri. Hayakuwa na majina. Lebo zilikuwa zimebanduka na kunata ukutani, wino umeyeyuka. Chupa za dawa ya kikohozi zilipasuka, kwa hiyo tope lile lilinukia utamu. Harufu hiyo naisikia mpaka leo.

Mwenye duka, Afande Odongo, alikuwa tabibu wa jeshini kabla ya kustaafu. Jana yake aliniambia nisiuze kitu mpaka afike kutoka Kawempe. Lakini nilifungua kopo moja, nikakuta vidonge vikavu kabisa. Nikajiambia, haya makopo nimeyashika mwaka mzima, nayajua. Nikayapangusa, nikaandika majina upya.

Akaja Jajja Nakato, bibi mjane aliyeishi peke yake nyuma ya soko.

“Nyabo,” akaniita kwa heshima, “maji yamechukua dawa yangu ya presha. Na jiko pia. Tangu jana sijala.”

Nilimhesabia vidonge vyeupe. Akavitazama.

“Ni vile vile?”

“Ni vile vile, jajja.”

Akameza kimoja mbele yangu, akaenda zake.

Adhuhuri Afande alifika. Hakunigombeza. Alichukua makopo mawili, akamimina vidonge kidogo katika kila kiganja, akaninyooshea mikono.

“Kipi cha presha, kipi cha sukari?”

Vyote vyeupe, vyote vya duara. Nilitazama mpaka macho yakauma.

“Umempa nani?” akauliza.

Tulikwenda nyuma ya soko. Milango yote ilikuwa wazi na nyumba tupu, watu wamehamia mlimani. Tukasikia sauti moja tu, ikizungumza polepole. Jajja Nakato alikaa kwenye kitanda kilicholowa, jasho linamtiririka, macho yameelekea kwenye pembe ambayo haikuwa na mtu. Alikuwa akiongea na mumewe, na mumewe alizikwa nikiwa bado mtoto.

Akanigeukia. “Anauliza mbona umechelewa,” akasema.

Nilitazama ile pembe, mwanangu, sikufichi.

“Sukari yake imeshuka,” Afande akasema. “Tafuta sukari. Kimbia.”

Nilimpata mama mmoja aliyebaki sokoni na birika lake la chai, akanipa sukari bila kuuliza. Tulimnywesha bibi maji ya sukari kidogo kidogo, mpaka akapepesa macho na kuuliza kwa nini nguo zake zimelowa. Tukampeleka hospitali ya Mulago, akalazwa siku mbili.

Njiani Afande aliniambia neno moja tu: “Maji yalifuta majina. Aliyeandika ya uongo ni wewe.”

Dawa zote za duka lile zilikwenda kuteketezwa, hata zilizokuwa kavu. Nilipomwomba Jajja msamaha, alinisamehe. Alisema hakumbuki kitu, ila mumewe alikuwa na tope miguuni.

Basi nisikilize. Dawa iliyoguswa na mafuriko usiiuze, hata ikionekana nzima, hata mtu akikulilia. Mpeleke kwenye duka ambalo maji hayakufika. Kama hawezi kutembea, mbebe. Na usilolijua, sema hulijui. Mimi niliona haya kusema hivyo mbele ya bibi mmoja, nikakaribia kumzika.

Nenda, mwanangu. Mungu akulindie hao watakaoamini mkono wako bila kuuliza, akupe ulimi usioogopa kusema sijui, na jioni akurudishe nyumbani na moyo mwepesi.