Vimondo Juu ya Mibuni

Kahawa iliyomenywa haina habari kama umelala au hujalala. Ikishachacha inataka kuoshwa. Ukichelewa inanuka, na palizi yote ya mwaka inakwenda bure. Ndiyo maana alfajiri ile ya Agosti mimi na mama tulikuwa nje huku Iyula, mikono ndani ya maji ya baridi, tukisugua kahawa.

Tangu baba afariki tulibaki wawili kwenye mibuni yote ile. Mgongo uliniwaka moto. Msimu mzima nilitafuta namna ya kumwambia mama kwamba nimechoka, shamba tulikodishe, nirudi Tunduma kwenye mitumba yangu. Sikuthubutu. Mibuni ile aliipanda baba kwa mkono wake.

Redio ilikuwa imetangaza kwamba vimondo vingeonekana kabla ya kupambazuka. Kwingine watu husikia hivyo wakafurahi. Kwetu Mbozi kimondo ni lile lichuma tulilopelekwa kulitazama tukiwa shule ya msingi, zito kuliko ng'ombe wote wa kijiji, limezungushiwa uzio. Basi jioni mama aliingiza ndoo zote za kahawa chini ya bati, eti zisije zikaangukiwa. Bati! Nilikasirika, maana kazi ya kuzitoa tena ilikuwa yangu.

Cha kwanza kilipita upande wa Tunduma, mstari mweupe, kikazimika. Kikafuata kingine, kisha viwili kwa pamoja. Nilikuwa hoi hata kushangaa sikuweza. Nikamweleza mama kwamba hivyo ni kama vumbi tu, vinaungulia hukohuko juu.

"Hakuna kitakachofika chini?"

"Hakuna, mama. Usiogope."

Akatoa mikono ndooni, maji yakimchuruzika.

"Mimi nilidhani kimoja kitaanguka pale kwenye mibuni," akasema. "Serikali ije, iweke uzio wake, tuambiwe tuhame. Hapo nani angesema nimeitupa kahawa ya baba yako?"

"Sasa ndoo uliziingiza ndani ya nini?"

"Hii ya ndooni tumeshaihangaikia. Ile mibuni sikuiombea."

Nilitaka kucheka. Nikamuuliza kama amechoka.

"Tangu mwaka ule tuliomzika," akasema, akirudisha mikono majini. "Nilikuwa naogopa kukwambia wewe."