Kiti ya Mama ya Trophime

Wivu niko nayo, sikatae. Siku ya mariage ya Trophime, hapa Butembo, mudogo yangu Élise alitoka Kasindi na kitenge mupya, akaingia mu kanisa, akaenda moja kwa moja kukaa ku kiti ya mama ya bwana-arusi. Kiti yangu! Kumuzaa alimuzaa, sawa. Mais mutoto alikuwa na miezi tatu tu wakati alimuacha mu mikono yangu, akaenda kufanya biashara ku mupaka. Uji ni mimi nilipika. Homa ikimushika, ni mimi nilimubeba ku mugongo mupaka hospitali. Miaka makumi mbili na tano!

Na jina yake yenyewe inanipa haki. Pasta Esdras, mwenye alisoma Kigriki, alinielezea zamani: Trofimo wa mu Biblia alikuwa mutu wa Efeso, mwenzake Paulo, na jina ile inatoka ku neno ya Kigriki ya chakula. Maana yake ni mutoto mwenye alilishwa, mwenye alilelewa na mutu mwingine. Ee, nilifurahi siku ile! Tangu pale, mutu akiniuliza mama yake ni nani, ninamujibu, "Uliza jina yake."

Basi nikasimama mbele ya Élise.

"Ondoka."

"Yaya, dada yangu mukubwa, batu banatuangalia."

"Baangalie! Trofimo ni mwenye alilishwa. Nani alimulisha? Hata Paulo alimuacha Trofimo kule Mileto na ugonjwa. Wewe ulimuacha wako hapa na kikohozi. Donc, ondoka!"

Akaondoka bila makelele. Akanishika mukono, akanikalisha, kisha akainama ku sikio yangu.

"Yaya, jina ile nani alimupa?"

"Ni wewe."

"Nilimuuliza Pasta Esdras jina ya kumufaa, mbele mutoto azaliwe. Ulikuwa umepoteza mimba ya tatu, ulikuwa haukule tena. Nikasema huyu atakuwa wa yaya. Ile miezi tatu nilibakia naye juu ya kumunyonyesha tu."

Akaenda kukaa kule nyuma, pamoja na bageni.

Mimi nilikaa ku kiti ile mupaka mwisho ya ibada. Batu balikuja kunipa mukono: hongera mama ya Trophime, hongera mama ya Trophime. Niliitika. Na Élise, kule nyuma, nilimuonea wivu kupita ile ya asubuhi.