Mshale Mrefu, Mshale Mdogo na Dakika Nzima

Siku ya kwanza kazini sikushika saa. Fundi Mkuu, mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa Kilindoni na mwenye duka la saa karibu na soko, alinimwagia kunde na choroko kwenye sinia, akanipa kibano, akaniambia nizitenge bila kuzigusa kwa vidole. Mkewe ndiye aliyenileta. Alikuja kununua mkeka kwetu Ndagoni, akauliza nani kasuka ukili ule mwembamba, na mama akaninyooshea kidole. Mjini watu walicheka sana: mwanamke fundi saa! Nilitenga choroko mpaka adhuhuri, shingo ikanikaa upande.

Jioni aliweka saa mbili mezani, zote za kutia ufunguo kila asubuhi.

"Ipi nzima?" akaniuliza.

Moja ilikuwa na mshale mrefu wa sekunde unaotoka katikati, pamoja na mishale ya saa na dakika, nao ulikuwa unauzunguka uso mzima kwa madaha. Nyingine katikati haikuwa na kitu kinachokwenda. Nikaionyesha ya mshale mrefu.

"Zote nzima," akasema. "Shusha macho."

Chini, palipoandikwa sita, ambapo sisi husoma saa kumi na mbili, palikuwa na kiduara mfano wa kifungo cha shati, na ndani yake kimshale kinakwenda zake kimyakimya.

"Wengi wataniletea hii wakisema imekufa. Usiwacheke, binti. Waonyeshe tu pa kutazama."

Niwaeleze vijana mnaosoma saa kwenye simu. Ndani ya saa mna magurudumu yanayopokezana nguvu ya kamani, ule utepe wa chuma unaojikaza ukitia ufunguo. Gurudumu la nne huzunguka mara moja kwa dakika. Katika saa nyingi za zamani limekaa chini, usawa wa ile sita. Ukichomeka kimshale kwenye ncha ya mhimili wake, kazi imekwisha. Hiyo ndiyo sekunde ya kiduarani. Watengenezaji wakitaka sekunde itoke katikati, huongeza kigurudumu cha kuupeleka mwendo huko, na kwa kuwa meno yake hayashikani barabara, huchezacheza, hukibana kwa springi nyembamba kuliko jani la ukoka. Ikikaza mno, saa inachoka. Ikilegea, mshale mrefu unatetemeka. Na chumvi ya kisiwa hiki huanza kuila springi hiyo kabla ya kitu kingine. Zilikuja baadaye saa zenye gurudumu lenyewe la nne katikati, zisizo na tabu hiyo, lakini mezani kwetu zilikuwa chache.

"Kizuri hakikosi ila," Fundi Mkuu alizoea kusema kila akifungua saa ya mshale mrefu. Mabwana harusi aliwauzia hizo hizo. Yeye mwenyewe mkononi alivaa ya kiduara.

Alipofariki, Mungu amrehemu, wanawe walihamia Dar es Salaam na duka likawa la vitenge. Mkewe aliniita baada ya arobaini, akanipa ile saa yake ya mkononi. Nikafungua kibanda changu, na saa ile nikaiweka kabatini nyuma ya kioo, haiuzwi wala haiazimwi.

Hifadhi ya bahari ilikuwa imeshaanza. Nikapata kazi ya kutazama saa za ukutani za ofisini kwao, na askari wa doria wakawa wateja wangu. Mkuu wao wa doria, mtu wa bara mwenye sauti nene, hakutaka hata kusikia habari za kiduara.

"Bi Fundi, boti inaruka, maji usoni, hicho kidoti nakionaje?"

Alikuwa na haki yake, nami nikamtafutia ya mshale mrefu. Ila kila baada ya miezi alirudi nayo inatetemeka, na mimi nikamtania kwamba hata saa yake inaogopa mawimbi.

Asubuhi moja boti ya kisiwa cha jirani cha Bwejuu ilipofika, alikuja kibandani Nesi Rukia wa zahanati ya kule. Hakukaa.

"Shikamoo, Bi Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

Akaivua saa yake. "Tazama mshale huu. Jana nimehesabu pumzi za mtoto mchanga, na huku unarukaruka. Nikamwambia mamake ni mafua tu, arudi nyumbani. Sasa roho haitulii. Bi Fundi, saa hii inanidanganya?"

Mtoto mwenye homa ya mapafu hupumua upesi, na nesi humtambua kwa kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Asipotambuliwa, hufa.

Nikaifungua. Springi ilikuwa imeliwa na kutu, lakini mapigo yalikuwa mazuri kabisa.

"Saa yenyewe inakwenda sawa," nikamwambia. "Mshale ndio umelegea. Unawahi kidogo, unachelewa kidogo, lakini ukirudi juu dakika imetimia. Ulihesabu dakika nzima?"

Ndipo akakaa. "Ndivyo tulivyofundishwa. Lakini foleni ilifika mlangoni. Nikahesabu robo, nikazidisha kwa nne."

Kosa la robo nalo lilizidishwa kwa nne, na alilijua kabla hajafika kwangu. Akaanza kulia, na mimi nilimhurumia mno, maana aliyekuja kuuliza angeweza pia kunyamaza.

Springi ya kubadilisha sikuwa nayo. Nikafungua kabati, nikaitoa saa ya Fundi Mkuu, nikaitia ufunguo, nikamfungia mkononi.

"Hiki kimshale nitakiona?"

"Msogeze mtoto mlangoni penye mwanga. Hiki hakitetemeki, kimekaa kwenye gurudumu lake chenyewe. Nenda, boti isikuache."

Siku ile sikutengeneza kitu. Kesho yake alirudi na yule mama na mtoto, wakaenda moja kwa moja hospitali. Alikuwa amehesabu dakika nzima, na pumzi zilikuwa nyingi mno. Mtoto alipona, nasema upesi kwa sababu najua mnangojea. Rukia alipotaka kunirudishia saa, nilikataa. Kabatini ilikuwa inahesabu vumbi.

Baadaye saa za betri zilijaa, kisha simu, lakini hazikunistaafisha hizo. Mikono ndiyo iliyonistaafisha. Ilianza kutetemeka, skrubu zikawa zinanikimbia chini ya meza. Siku niliyofunga kibanda nilisikia uchungu kama wa msiba, sitaki kuwaficha.

Juzi Rukia alinijia Ndagoni kwa bodaboda, naye siku hizi ana mvi. Kikombe cha chai kikanimwagikia mbele yake.

"Springi imeliwa na chumvi," nikamtania, "na fundi wa kuibana hayupo."

Hakucheka. Akakisogeza kiti changu mlangoni, akanishika kifundo cha mkono penye mapigo, akaielekeza saa ya Fundi Mkuu kwenye mwanga. Nikafungua kinywa niseme neno.

"Nyamaza kwanza, Bi Fundi."

Nikakitazama kimshale kiduarani. Robo ikapita, nusu ikapita, hakuinua macho. Kiliporudi juu ndipo akauachia mkono wangu.

"Saa yenyewe inakwenda sawa," akasema. "Mshale ndio umelegea."