Namba Aliyoachiwa Mumewe

Kazini walimwita Bi Vipimo, na mumewe, aliyekaa ghorofa ya juu, walimwita Bwana Mahesabu. Kazi ya mke ilikuwa kukirushia chembe za nyutroni ziendazo kasi kisahani cha chuma, kidogo kama kifungo cha shati, kisha kuhesabu mimweko inayotoka kila kiini cha atomu kinaponasa mojawapo. Mume hakugusa chuma wala waya. Yeye alikokotoa kwa kompyuta viini hivyo vinanasa kwa wepesi gani, na kwa miaka tisa jibu lake na la mkewe yalifanana kama shilingi kwa ya pili.

Basi mkurugenzi akapata wazo. Kama hesabu hazikosei, kupima kuna haja gani? Chumba cha vipimo kifungwe, Bi Vipimo apelekwe masjala akapange mafaili.

Bi Vipimo alijua siri ya hesabu zile. Daftari lake lilirudi naye nyumbani kila jioni, na kila alipotoka kuoga alilikuta limesogea kidogo mezani. Miaka yote alijifanya haoni, maana mume ni wake. Lakini masjala? Thubutu!

Kabla ya kukifunga chumba, mkurugenzi aliitisha kikao cha kulinganisha majibu yao mara ya mwisho. Safari hii vipimo vilitoa milibani 412, kizio cha wepesi huo wa kunasa. Namba hiyo aliifunga kwenye bahasha, na mkurugenzi akatia saini juu ya gundi bila kuiona. Kwenye daftari akaandika 690, namba ya nyumba ya mama mkwe, kisha akaenda kuoga. Akaoga kwa raha zake, tena akiimba.

Asubuhi ya kikao alimpa mumewe nafasi ya mwisho.

"Baba watoto, hiyo hesabu umeitoa mwenyewe kweli?"

"Jasho langu, mama."

"Haya."

Kikaoni Bwana Mahesabu alisimama kifua mbele, akatangaza 688. Mkurugenzi akachana bahasha, akaisoma mara mbili.

"Mbona huku ni mia nne kumi na mbili?"

"Muulize aliyekokotoa," alisema Bi Vipimo, akijiuma midomo asicheke.

Mumewe alimgeukia, akaelewa yote papo hapo. Hakufoka.

"Mara ya kwanza nilipata mia nne na tano," alisema taratibu. "Halafu nikaona daftari lako. Nikajua nimechemsha, nikairekebisha hesabu mpaka ikakaribia yako."

"Kwa nini hukubaki na yako?"

"Wewe umeanza lini kukosea kupima?"

Bi Vipimo aliacha kujiuma midomo. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa ubishi, hata kwa kununiwa wiki nzima, ila si kwa hilo. Mkurugenzi alikuwa akisema chumba hakifungwi tena, wenzake wakapiga makofi, naye Bi Vipimo hakujua auweke wapi uso wake. Alikuwa amekiokoa chumba chake kwa kumdanganya mtu aliyeamini kila namba iliyotoka humo.