Boma la Mama Lilivyookoa Mgunga

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Nilikuwa msichana wa kuchunga mbuzi hapa Lodwar, kando ya mto Turkwel. Mji ulikuwa unajengwa, na fundi Wekesa, mtu wa kutoka mbali lakini mwenye heshima zake, alikuwa akichoma matofali jirani na ekwar yetu. Ekwar, kwa ninyi mliozaliwa mjini, ni kipande cha msitu wa ukingoni ambacho familia hulinda kwa ajili ya mifugo yake.

Matofali hayajaiva, kuni zikamwishia. Tanuri likipoa katikati, kazi yote ni bure. Akaja na shoka mpaka kwenye mgunga wetu mkubwa. Mama yangu, Akiru, akasimama mbele ya shina.

"Ejok, fundi," akamsalimu kwa Kiturkana. "Huu hapana."

"Mama, moto ukizima nimekwisha. Watoto wangu watakula nini?"

Mwenye njaa hana miiko, na mama aliijua njaa. Hakumfukuza. Alikwenda kwenye boma la mbuzi, akaanza kung'oa magogo makavu ya uzio.

"Chukua haya. Yalishakufa."

Nililia, maana fisi walikuwa wengi. Mbuzi tukalala nao ndani mpaka tulipojenga uzio mwingine, nguo zetu zikinuka beberu. Leo nacheka, wakati ule sikucheka. Lakini matofali yaliiva. Tangu hapo fundi akawa anaomba kwanza, nasi tunamwonyesha miti iliyoanguka na matawi ya kupunguza.

Kisha ukame ukaja. Nyasi ziliisha, ila migunga iliangusha maganda yake, mbuzi wakala, wakatoa maziwa. Kila asubuhi mama alinituma na kibuyu kwa watoto wa fundi. Siku moja fundi mwenyewe akaja, macho yamelowa machozi.

"Mama, kumbe ningekata maziwa ya wanangu."

Mwanangu unayechoma makaa upeleke Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, sikulaumu. Hata mama aliyekimbia Kongo, anayenunua makaa yako kule kambini, lazima apike. Ila muulize mwenye ekwar kabla hujashika panga. Anza na kilichokufa, punguza matawi, shina liache liishi. Nawe ukimkatalia mtu mti, usimwache aende mikono mitupu. Mtafutie kingine, hata kama kitakugharimu boma.

Akuj, Mungu wetu, akunyeshee mvua kwa wakati wake, na watoto wako wasikose kivuli.